Mikono ya Mama Warda

Somoe mwanangu,

Usiniulize kwa nini nakuandikia na wewe mwenyewe umo humu humu, hujaondoka. Umekwenda Mikindani kuwaaga shangazi zako, utarudi magharibi, na ukirudi nyumba itajaa watu, na mdomo wangu mbele za watu unaujua: utasema mengine kabisa. Kwa hiyo nimechukua daftari lako la zamani, nimechana kurasa za katikati, nimekaa hapa ukumbini. Nimeshainuka mara tatu. Mara mbuzi wa jirani kaingia kwenye mchicha, mara nimekwenda kutazama mkate wako wa kumimina kama unaiva, mara sina hata ninachokwenda kutazama, nimesimama tu mlangoni. Basi ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ndiyo hivyo.

Mambo ya chandarua, sijui maji ya kuchemsha, sijui usipokee chakula cha mtu kwenye basi, nayaacha. Shangazi zako watakuwa wamekujaza hayo mpaka basi. Mimi nina jingine.

Juzi nilikusikia. Ulikuwa uani unaanua nguo, simu umeibana begani, unaongea na Warda. Wallahi sikukusudia kusikiliza, ila nilipolisikia jina lile miguu ilikataa kuondoka. Ukasema, "Kasulu nani anakwenda? Nikifika Dar nashuka kwako, mengine yatajulikana huko huko." Kisha ukasema, "Mwenzangu una raha zako. Mimi kila kitu changu cha mwisho mwisho." Ukacheka. Nakujua ukicheka kwa uchungu, huwa unamalizia na kikohozi.

Miaka yote hii umekaa na cheti cha ualimu ndani ya bahasha, unafundisha watoto wa hapa mtaani Chuno tuisheni barazani, unangoja jina lako litoke. Limetoka. Kasulu walikokupangia ni mbali, naam, mimi mwenyewe sijui hata basi linapita wapi. Lakini usiporipoti ndani ya siku walizokupa, nafasi anapewa mwingine, na hakuna anayejua jina litatoka tena lini. Unataka kuitupa kwa sababu ya picha za kwenye simu: Warda kwenye kochi, Warda na keki, Warda sijui wapi huko kwenye bwawa la maji ya buluu. Nimeziona zote. Unanionyesha mwenyewe, halafu unanyamaza siku nzima.

Juzi sikukuambia kitu. Niliingia ndani nikakaa kitandani. Dar siiogopi, nimeogopa mengine, na sasa nitayasema, na ukishayasoma sijui utaniitaje.

Unamkumbuka Mama Warda? Ulikuwa darasa la pili walipohama. Nyumba yao lazima unaikumbuka, ile yenye ukuta na geti jeusi, hapa upande wa pili wa njia. Zilikuwa enzi za gesi, wageni wamejaa mjini, vyumba havipatikani, kila mwenye kiwanja anajenga cha kupangisha. Baba Warda alikuwa dereva wa magari makubwa, wanapeleka mabomba ya gesi Madimba. Wakajenga: bati la rangi juu, vigae chini, ukuta wa kumficha hata kuku. Sisi nyumba yetu hii hii, sakafu hii hii inayobanduka. Baba yako alikuwa na shamba la mikorosho kule Mahurunga, aliloachiwa na mjomba wake, na nusu ya mwaka alikuwa huko, anapalilia, anapuliza dawa ya salfa, anaokota. Akirudi ana vumbi la salfa mpaka kwenye kope.

Nilimwonea wivu yule mwanamke, Somoe, tena si kidogo. Niliamka na wivu kabla sijanawa uso. Nilimsumbua baba yako mpaka akapaka chokaa ukuta wa mbele peke yake, ule unaotazama kwao, na kuta nyingine tatu zikabaki udongo. Watu walitucheka, nikasema tutamalizia. Kuta zile hatujazimalizia mpaka leo.

Na kilichoniudhi kuliko vyote ni mikono yake. Hina mpaka kwenye kiwiko, na vidole vyote piko, vyeusi tii, siku zote. Sisi tunajipaka kwa harusi, tunajipaka sikukuu. Mwenzetu Jumatatu, mwenzetu msimu wa kupalilia, mwenzetu hana msiba hana shughuli, hina. Nikawa nasema moyoni, baadaye nikawa nasema kwa mdomo: mwanamke wa hina kila siku hafui, hapiki, hasugui sufuria. Ana kazi gani huyo? Anakaa tu anasubiri ikauke!

Geti lao halikuwa likifunguka ovyo. Nikasema maringo. Kila Ijumaa alikuja mwanamke mmoja na kapu kubwa kichwani, anaingia nalo, anatoka nalo. Nikasema ana mtumishi, huyo, hata sokoni hajiendei. Moshi ule mkali wa korosho ulivuka ukuta karibu kila siku ukaingia mpaka chumbani kwetu, macho yanatutoka machozi. Nikasema, tazama, wao wanakaanga korosho za kula kila siku, na sisi wenye mikorosho tunauza mpaka ya mwisho, wewe ukitaka kuonja moja nakupiga kofi la mkono. Hayo yote niliyaona kwa macho yangu mawili, mwanangu, sikuzua hata moja. Ila kila nilichokiona nilikipa maana niliyoitaka mimi.

Nimeinuka tena. Mkate umeiva, nimeufunika. Sasa narudi kwenye lile ambalo nimekuwa nalizunguka tangu mwanzo.

Palikuwa na harusi hapa mtaani. Habari za harusi hiyo hujawahi kuzisikia, maana nilihakikisha huzisikii. Mama Warda kaja na sare mpya, na mikono yake ile, kakaa mbele. Sare yangu mimi nilikuwa nimeazima. Baba yako alikuja kunichukua, katoka shamba siku hiyohiyo, kanzu kavaa lakini kucha zina udongo. Watu wakawa wanataniana, si unawajua watani zetu, mmoja akamwambia, "Shemeji, leo umejipulizia uturi gani, wa salfa?" Wakacheka. Naye akacheka. Ningecheka na mimi yangekwisha. Nikasema, kwa sauti, turubai zima likasikia: "Wanaume wenzio wanajenga, wewe unapalilia! Mwenzangu ana mume, mimi nina kibarua wa mikorosho."

Mama yake mzazi baba yako alikuwepo. Dada zake walikuwepo. Yule aliyetania aliinamisha kichwa akaanza kutafuta viatu vyake.

Baba yako hakujibu. Wiki iliyofuata akafunga mzigo, akasema anakwenda Tunduru kwenye machimbo ya vito, wapo watu wa Mahurunga waliotangulia na wanapata. Wewe nilikuambia baba ni mtafutaji, kaenda kutafuta. Umekua na hadithi hiyo. Hata shuleni uliandika insha, "Baba yangu shujaa," kwamba alikwenda Tunduru kwa sababu ana moyo wa kuthubutu. Mwalimu akakupa vema, na mimi nikaibandika ukutani, juu ya kabati, kila anayeingia asome. Mwanangu, baba yako hakutaka kwenda. Alilipenda shamba lake, akijua kila mkorosho ulizaa vipi mwaka gani. Nilimfukuza mimi. Kwa maneno mawili matatu mbele za watu nilimfukuza.

Kilichofuata unakijua, ila hukujua kimetoka wapi. Ukuta wa shimo ulimwangukia, na mguu ni huo unaouona. Shamba halikupaliliwa msimu ule wala uliofuata, nyasi zikapanda mpaka kwenye matawi. Mtu mmoja huko akachoma moto kuandaa shamba lake, moto ukaja kwetu. Mikorosho ya mjomba wake iliteketea mchana mmoja. Nilikwenda kuitazama. Nilikaa chini kwenye majivu nikalia kwa sauti, na hata pale, Somoe, baada ya yote niliyokuwa nimeshayajua, bado nilikuwa natafuta mtu wa kumlaumu asiwe mimi.

Nasema baada ya yote niliyokuwa nimeshayajua, kwa sababu kuna jambo lilitangulia. Hili ndilo la aibu kuliko lile la harusi. Ningekuwa na mtu wa kuniandikia ningempa kalamu.

Baba yako alikuwa hana hata mwezi Tunduru. Warda akaja kugonga hapa kumekucha tu, kavaa gauni la shule, "Mama Somoe, mama hataki kuamka." Nikaenda mbio. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia ndani ya geti lile.

Vigae vilikuwa vya sebuleni peke yake. Vyumba vilivyobaki sakafu ni mchanga, madirisha yamezibwa kwa vipande vya bati. Kitanda kimoja. Jikoni hakuna kitu, nasema hakuna, chumvi na nusu ya kitunguu. Uani kuna lundo la maganda ya korosho linanifika kiunoni, na karai jeusi la kukaangia, na jiwe, na kirungu cha kubangulia. Nikamkuta anawaka homa, kalala na nguo za kazi, haelewi mimi ni nani. Nikachukua maji ya uvuguvugu nimkande. Hina ilikuwa imefifia, nadhani alikuwa na siku nyingi hajajipaka. Nikaishika mikono ile.

Unajua mafuta ya ganda la korosho yanavyoufanya mkono, bibi yako aliyemzaa baba yako alikuwa nao hivyo. Ngozi nyeusi inabanduka, vidole vimepasuka kwenye maungio, kucha zimeliwa. Hina na piko alikuwa anajipaka juu ya vidonda ili sisi tusione. Yule mwanamke wa kapu ndiye mwenye korosho, anamletea za kubangua kwa ujira. Mumewe kazi ya mabomba ilikuwa imekwisha zamani, akaondoka, hapigi simu, hatumi salamu. Alikuwa kajifungia ndani ya ukuta ule na mwanawe, anabangua korosho za mtu kutwa, na ikifika harusi anajipaka mikono anakuja kukaa mbele.

Utadhani nitasema nililia. Sikulia. Nilifurahi. Yarabi nisamehe, naikanda ile mikono na huku ndani yangu kinapigwa kigoma. Nasema, kumbe! Kumbe huna kitu! Kumbe tuko sawa, tena mimi nimekuzidi! Nilimpikia uji nikamnywesha, nikamtafutia dawa, nikamfulia, nilifanya kila jambo ambalo jirani humfanyia jirani, watu wakanisifu. Na siku ileile, adhuhuri, nikaenda bombani na ndoo yangu nikasimulia. Nilijiambia nasema kwa huruma, "masikini mwenzetu, kumbe mnajua hali yake?" Huruma gani! Niliinua vidole vyangu nikawaonyesha jinsi vya kwake vinavyobanduka, huyu akaja kusikiliza, yule akaja. Mpaka jioni watoto wa njia hii walikuwa wanamwita Warda "Maganda."

Alipona. Mwezi haukwisha, wakahama. Hakuja kuniaga, na alikuwa sahihi. Ulilia siku nyingi, ukanishika kanga unaniuliza kwa nini Warda kaondoka, nami nikakujibu wamepata nyumba nzuri zaidi Dar. Ndivyo nilivyokuambia. Unaona? Hata huo wivu ulio nao kwa Warda nilikupandia mimi, tangu una meno ya utoto.

Sijui Warda ana nini nyuma ya lile kochi. Usidhani nakuambia kwamba analia kila akizima simu. Huenda ana raha kweli, nami namwombea awe nayo, maana mtoto yule alitaabika. Wala usidhani nitamalizia kwa kukuambia kwamba Mama Warda naye alikuwa ananionea wivu mimi mwenye mume na shamba. Watu wanapenda kumalizia hivyo, wakalale vizuri. Sijui, mwanangu. Sikumuuliza. Ninachokijua ni changu tu: nilikuwa na mume anayerudi nyumbani, nikamtupa machimboni kwa sababu ya mikono ambayo sikuwahi kuishika.

Sitakuambia ushuke Dar wala usishuke. Ningeweza kukukataza, ungeitikia "ndiyo mama," halafu ungeshuka. Ninachokuomba ni kimoja, ujiulize ukiwa peke yako kwenye kiti cha basi, bila simu mkononi: ninaitaka Dar, au nataka wenzangu wanione niko Dar? Kama unaitaka Dar yenyewe, shuka, mimi nitapika chakula cha sadaka nitakuombea dua. Kama ni lile la pili, mwanangu, nakulilia, endelea na safari. Kasulu hujaiona. Warda hujamwona tangu mkiwa na mapengo. Vyote viwili huvijui, na kimoja kina jina lako kwenye karatasi.

Na ukionana na mama yake, huenda atakuambia haya yote kabla mimi sijapata nafasi. Ndiyo maana naandika leo. Nilitaka uyasikie kwangu kwanza, hata ukinichukia unichukie kwa niliyosema mwenyewe. Msamaha wangu usimbebee, si mzigo wako. Namba yake ninayo, nimeipata tangu Ramadhani. Naitazama kila siku. Sijapiga, naogopa, lakini nitapiga.

Nilitaka kuishia hapa. Nimekunja karatasi, nimeikunjua. Kuna kitu hakikukaa sawa: baba yako naye sikuwahi kumwambia habari za mikono ile. Aliporudi na mguu wake, wenzetu walikuwa wameshahama, na yeye nilimpa jibu nililokupa wewe, nyumba nzuri zaidi Dar. Ningemwambiaje kwamba yule mwanamke niliyemtolea mfano mbele ya mama mkwe alikuwa hana hata akiba ya chumvi? Kwamba mguu umekwenda kwa ajili ya ukuta mtupu? Miaka yote nimemfulia, nimemkanda, nimemnyamazia. Sasa haiwezekani ujue wewe mtoto, yeye asijue.

Kwa hiyo nimekwenda uani. Amekaa kwenye mkeka anasuka dema la kuvulia samaki aliloagizwa na mtu wa Msimbati, mguu kaunyoosha. Nimemwambia yote nimesimama, maana ningekaa ningenyamaza. Harusi, hina, uji, bombani. Anapitisha ufito, anauvuta, anapitisha mwingine.

Nilipomaliza akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Hali yao. Baba Warda alikuja kuniaga shambani, siku nyingi kabla ya ile harusi. Akasema kazi imekwisha, nyumba haijaisha, anakwenda asikokujua. Akaniomba nisiseme."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo siku ile harusini, natukana vile, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na hukunijibu! Neno moja tu, Baba Somoe! Ungenifunga mdomo mbele ya watu wote."

"Mkewe alikuwa amekaa pale pale mbele," akasema. "Ningekujibuje?"

Nimelia, Somoe, ndiyo nimelia sasa. Nikamwambia, basi chumbani. Tulipofika nyumbani, tuko wawili, mlango umefungwa, ungeniambia mimi mkeo. Nisingekusema tena. Usingekwenda Tunduru, mguu huo ungekuwa mzima, mikorosho ingekuwepo mpaka leo. Kwa nini hukuniambia?

Akauweka ufito chini. Hakuwa na hasira hata kidogo, ningependa awe nayo. Akanitazama, akaniuliza taratibu, "Ningekuambia, Mama Somoe, ungekaa nayo muda gani?"

Nimerudi hapa ukumbini nimeshika kalamu, nasikia anasuka. Jibu ninalo, mwanangu. Nilikaa nayo tangu asubuhi mpaka adhuhuri.

Mama yako